Udongo wa Shimo la Tatu

Bwenini, upande wa Kipalapala,
Tabora.
Jumapili, 21 Julai 2024

Babu yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata padre sijamwambia, na nimeona nilitangulize kabla sijapata akili ya kulificha. Mwezi uliopita, siku ile ya mwisho ya kazi ya Bwana Octavian ya kupima udongo, niliona aibu kuubeba.

Sasa nakusalimu, usije ukasema shule imenimaliza adabu. Shikamoo Babu. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Chakula ni kilekile, maharage na ugali, na Jumapili wali unaohesabika. Simu haturuhusiwi, kwa hiyo tutaendelea hivihivi: mimi naacha barua dukani kwa Aftab tukiruhusiwa kwenda mjini Jumamosi, na lori la Mzee Elieza likileta karanga linaichukua. Msalimie Mama, msalimie Mjomba Ambrosi, mwambie soksi zimenitosha.

Narudi kwenye lile jambo. Nilikuwa natoka shimo la tatu, lile la katikati ya malisho yetu ya ngitili. Nilikuwa na mifuko mitatu ndani ya ndoo, ndoo kichwani, naipeleka ofisi ya kijiji kwa kuwa pikipiki ya Bwana Octavian ilikuwa imezima. Nikafika kwenye uzio wa minyaa, nikamwona Sabiri na wenzake wanakuja na baiskeli. Unajua tangu tulipoanza kuchimba walikuwa wananiita Mama Tope. Nikaishusha ndoo, nikaisukuma nyuma ya minyaa, nikasimama mikono mitupu kama mtu anayetoka kwa shangazi yake. Sabiri akashuka.

"Leo hubebi shamba la babu yako?"

Nikasema mimi hata huyo mpimaji simjui vizuri. Nilimkana, Babu, mtu aliyenifundisha mwezi mzima, kwa ajili ya kijana mwenye baiskeli isiyo na breki. Tukasimama pale tunaongea mpaka kivuli changu kikawa kirefu kuliko mimi.

Ndiyo hivyo tu. Hakuna zaidi.

Mashimo yamefukiwa? Na majibu ya maabara yakifika, yanasomwa mbele ya watu wote au yanabaki ofisini? Nauliza tu. Na fahali wetu Kamili tumbo lake linaendeleaje?

Naishia hapa, kuna mtu anakuja, naiweka chini ya godoro.

Mjukuu wako,
Bernadeta


Lusu, Nzega.
Jumapili, 11 Agosti 2024

Kwako mke wangu mdogo,

Marahaba. Barua yako imekaa kwa Elieza siku tisa kwa sababu aliiweka kwenye mfuko wa koti la harusini, na harusi hakuna. Usimlaumu, alileta na sukari.

Sisi hatujambo. Mama yako amepaka nyumba upya. Mjomba wako Ambrosi anasema soksi alinunua mbili, unashukuru ipi? Ng'ombe wamekonda kidogo, ni kiangazi, lakini ngitili bado hatujaifungua. Nyasi zinanifika magotini. Tutafungua Septemba, kila nyumba itoe ng'ombe wake kwa zamu, nyumba zote kumi na moja kama tulivyozoea. Mjane wa Luhende mdogo ataanza, ana mtamba mwenye mimba.

Hilo la aibu nimelisoma, nikacheka, nikalisoma tena, sikucheka. Bernadeta, sisi ni ukoo wa mizigo. Babu wa babu yangu alibeba pembe za watu wengine kutoka hapa hadi pwani, mguu kwa mguu, akarudi na doti mbili za kitambaa na goti bovu. Pale chini, kwenye itongo la bibi yako, mahame ya nyumba yake, kabla hapajawa kwake ndipo wapagazi walipolala. Tulipokuwa watoto, mvua ikinyesha tulikuwa tunaokota shanga zao pale, za buluu, na bibi yako aliwahi kuwa na kamba nzima. Kwa hiyo anayebeba udongo wa kwao, tena kwa ndoo mpya, aibu anaitoa wapi?

Bwana Octavian alipita kuniaga. Alinionyesha kitabu chake cha rangi, vikaratasi vingi kama vya fundi wa rangi za nyumba, anaweka donge la udongo pembeni na kusoma namba. Nikamwambia mimi nazijua kwa kisigino. Juu kwetu ni luseni, mchanga unaopokea karanga na mihogo. Unashuka unakuta itogolo, unavumilia uwele mvua ikiwa ya heshima. Unashuka tena, ibambasi, kijivu, juu kama umepigwa sakafu, ukigonga jembe linakurudia usoni. Chini kabisa mbuga nyeusi inayopasuka mguu ukaingia. Ngitili yetu karibu yote ni ibambasi. Nilimwambia: udongo huo si wa jembe, ni wa ulimi wa ng'ombe. Una chumvi, wanaulamba. Akaandika. Akasema pia wewe ndiye msaidizi aliyemwamini kuliko wote aliowahi kupewa vijijini. Nikajifanya sijafurahi.

Majibu yatasomwa mkutanoni. Kijiji kinapanga ardhi, hii ya kulima, hii ya malisho, na karatasi yake ndiyo itakayoamua.

Neno moja. Kamili tumbo lilimsumbua kweli, juma zima, mwisho akatoa kipande cha nailoni. Lakini hilo lilitokea ulipokwisha kuondoka, wala sikukuandikia. Umejuaje?

Babu yako,
Xavery Luhende


Bwenini, Tabora.
Jumapili, 15 Septemba 2024

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Niliandika barua mbili kabla ya hii nikazichana, mwandiko haukuwa mzuri.

Mimi mzima. Nimekuwa wa nne katika mtihani wa katikati ya muhula, hesabu ndizo zilizonivuta miguu. Mama asitume tena karanga za kukaanga, wenzangu wanazimaliza nikiwa bafuni. Habari za Kamili nilizisikia tu.

Najiat, binti wa mjumbe wa serikali ya kijiji, ambaye tunalala chumba kimoja, alikwenda Lusu msibani akarudi na habari. Anasema majibu yamefika. Anasema karatasi imeandika kwamba udongo wa ngitili una rutuba hasa, na ule ugumu wa juu ni wa kukanyagwa na ng'ombe tu, ukivunjwa kwa trekta utatoa mahindi. Anasema mkutano ni tarehe nane Oktoba na watu wameshaanza kuhesabu ekari. Alikuwa ananisimulia kama habari njema. "Jina lako limo kwenye ripoti," akasema, "baba amelisoma kwa sauti nyumbani." Nikasema asante. Nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Babu, sikiliza. Wiki hii mwalimu wa jiografia alifundisha udongo. Anafundisha kwa Kiingereza, mimi kichwani natembea Lusu. Alieleza aina moja ya udongo wa nchi kavu za malisho, yenye magadi mengi, na kitabu kinaiita kwa jina la Kirusi. Akachora ubaoni: juu tabaka jembamba la kijivu, chini yake udongo mgumu uliosimama kama nguzo zilizopangwa, vichwa vyake mviringo. Nilikaribia kusimama. Nilishaziona nguzo hizo kwa macho yangu, nikiwa ndani ya shimo la tatu, nazisafisha kwa kisu. Ni ibambasi. Mwalimu akasema ukiulima unaharibika: magadi yanaachanisha chembe zake, mvua ikipiga unageuka uji, jua likiwaka unakuwa saruji. Mahindi hayaoti na nyasi hazirudi.

Kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Chukua glasi ya maji ya mvua, si ya kisima, ya kisima yana chumvi yake yatadanganya. Tia donge dogo kavu la ibambasi. Usikoroge, usitikise. Katika glasi nyingine tia donge la itogolo. Subiri kama nusu saa. Udongo wenye magadi utayeyuka wenyewe na maji yatakuwa meupe kama maziwa. Lile jingine litabomoka tu, maji yatabaki maangavu.

Lifanye mkutanoni, Babu, watu waone. Watabadilisha mawazo. Usiseme ni mimi niliyekwambia. Usinitaje kabisa.

Najiat ameingia. Nafunika.

Mjukuu wako,
B.


Lusu.
Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Kwa mjukuu wangu Bernadeta,

Marahaba. Hongera kwa kuwa wa nne. Bibi yako aliishia darasa la nne, kwa hiyo mmelingana.

Mama yako anakusalimu. Mtamba wa mjane amezaa jike, limepewa jina lako. Usikasirike, ni ndama mzuri, ila ni mwoga.

Mkutano ulikuwa juzi Jumanne. Nilikwenda na glasi mbili za bibi yako, zile zenye maua, na maji ya mvua kutoka tangi la kanisani. Nikaziweka mezani mbele ya mwenyekiti, nikatia madonge.

"Mzee Xavery," akasema, "leo unatupigia ramli?"

"Nyinyi endeleeni na ajenda," nikamwambia, "mimi na maji tunasubiri."

Wakaendelea na choo cha shule. Kabla hawajakubaliana matundu mangapi, glasi ya ibambasi ilikuwa maziwa matupu. Ya itogolo ilikuwa wazi, unaliona ua la upande wa pili. Watu wakaanza kusimama. Bwana Octavian naye alikuwapo. Alikuja akapiga magoti mbele ya meza, akaangalia kwa muda mrefu.

"Mzee, donge hili umelitoa wapi?"

"Shimo la tatu, ukingoni."

"Basi kilichokwenda maabara siyo hiki," akasema. Alisema taratibu, lakini ukumbi mzima ulisikia.

Mwenyekiti akauliza nani alibeba mifuko. Bwana Octavian akaendelea kuitazama glasi. Mwenyekiti akafungua ripoti mwenyewe, ukurasa wa pili, mahali pa shukrani, akasoma jina lako, la kwanza hadi la ukoo. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndio wasomi wetu hao." Mwingine akasema mambo ya wasichana ambayo siyaandiki.

Nikaichukua ile glasi nikaimwaga. Nikasema jamani mniwie radhi, mtungi niliochotea ulikuwa na majivu, maji yenyewe nimeteka kisimani. Wakacheka. Mwenyekiti alisema umri huu nisiwachezee. Wakanyoosha mikono. Trekta linaingia ngitilini Jumatatu, tarehe nne Novemba.

Usihuzunike. Nyasi ni nyasi.

Nilipotoka Bwana Octavian alinifuata mpaka kwenye baiskeli. Akanipa kitu alichokikuta ndani ya mfuko wa shimo la tatu, ulioandikwa tabaka la chini. Akasema amekaa nacho tangu Julai kwa sababu hakujua akiandike kwenye safu gani. Nikakitia mfukoni, nikapanda baiskeli.

Nimekifunga kwenye kipande cha karatasi ya sukari, kimo humu. Ni chako.

Soma kwa bidii.

Babu yako,
X. Luhende


Bwenini, Tabora.
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Babu,

Shikamoo.

Niliifungua barua yako jana palepale dukani kwa Aftab. Karatasi ya sukari ilikuwa ndogo, nikadhani ni dawa ya jino. Ushanga ukadondoka juu ya kaunta, ukaviringika, Aftab akauzuia kwa kidole. "Huu wa zamani," akasema, "marehemu mama alikuwa nao kama huu." Ni wa buluu. Nikaushika mpaka tukafika shuleni, umeniachia alama kiganjani.

Leo siulizi hali ya mtu. Nitaandika mpaka mwisho.

Siku ile nilikwambia nilisimama na Sabiri. Sikukwambia nilichokikuta nilipomaliza kusimama. Nyuma ya minyaa walikuwapo Kamili na majike mawili. Ndoo ilikuwa imelala ubavu. Mifuko ilikuwa imepasuliwa, na walikuwa wanakula, Babu, udongo wa Bwana Octavian, kwa utulivu kama watu walio mezani. Lebo moja ilikuwa imenata kwenye ulimi wa Kamili, naiona namba yangu, kisha akaimeza. Kilichobaki hakikujaa kiganja. Udongo mwingine wote tuliouchimba wiki zile ulikuwa umelala uani kwako usiku na mchana na hakuna ng'ombe aliyeugusa. Wao walijua huu ni upi.

Shimo la tatu lilikuwa mbali, jua linashuka, na Bwana Octavian alikuwa ananisubiri ofisini na basi lake ni la alfajiri. Ningeweza kwenda kumwambia. Angekasirika, labda angelala siku moja zaidi. Hayo tu ndiyo yangetokea. Lakini ningelazimika kusema kwa nini niliiacha ndoo nyuma ya minyaa, na angeuliza, na ningetaja baiskeli.

Nikaenda itongoni kwa Bibi. Palikuwa karibu, na udongo wake ni kijivu. Nilichagua kwa rangi, kama kitabu cha Bwana Octavian kinavyofundisha. Sikufikiria ukijivu ule ni wa nini. Ni majivu ya jiko la Bibi, na mavi ya zizi lake, miaka yote ile. Ndiyo maana maabara wameona rutuba. Ni jikoni kwa Bibi walikopima. Nilichimba shimo moja, urefu wa mkono wangu hadi kwenye kiwiko, nikajaza mifuko mitatu mipya kutoka humo humo, nikaandika wa juu, wa kati, wa chini. Bwana Octavian alitufundisha tuanze kuchota tabaka la chini tupande juu, ili udongo wa juu usije ukaanguka ukachafua wa chini. Mimi niliandika lebo kwa mpangilio huohuo, nikaanza na ya chini, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa la maana.

Alipoipokea mifuko alisema, "Una mwandiko mzuri kuliko wangu." Nikatabasamu. Babu, nikikumbuka hayo yote najionea huruma kidogo, isipokuwa hilo tabasamu. Hilo hunijia nikiwa nanawa uso, nashindwa kujitazama kwenye kioo.

Kisha nikakufanyia wewe jambo baya zaidi. Nilikutuma na glasi. Nilitaka ngitili ipone na mimi nisionekane. Nilijua watauliza mifuko ilibebwa na nani, ni swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza, nikajiambia hawatauliza. Ukasimama mbele ya Lusu nzima na ukweli mezani, kwenye glasi ya Bibi, na ukaumwaga ili wasinicheke mimi. Wakakucheka wewe. Umeandika mistari miwili tu kuhusu hilo, halafu ukaandika nyasi ni nyasi. Wewe, Babu. Mtu anayezijua nyasi za ngitili kwa majina.

Kumbe ulijua tangu habari ya tumbo la Kamili, na hukunisukuma. Ulipoona ushanga ukajua na mahali. Nashukuru. Lakini sitaki unifiche tena, naomba unisamehe kwa kulisema hivyo kwa mtu mkubwa.

Nimeandika karatasi nyingine mbili. Moja ni ya Bwana Octavian. Nimemweleza ng'ombe, itongo, lebo, vyote, na nimemwomba arudi achukue udongo wa shimo la tatu upya kabla ya trekta. Nyingine ni ya mwenyekiti, na nimeandika juu yake kwamba isomwe mkutanoni kwa sauti, jina langu la kwanza hadi la ukoo, kama alivyolisoma mara ya kwanza. Sabiri nimemtaja, na baiskeli, kwa sababu nikiiacha hiyo watadhani nilikuwa na sababu kubwa. Watakaosema wasichana hivi na vile waseme, lakini waseme wakiwa wanajua ibambasi ni ibambasi. Kama watakataa kuisoma, naomba uisome wewe. Usiruke mstari. Na rudi na glasi zote mbili.

Lori la Mzee Elieza linaondoka Jumanne. Nimehesabu siku na nimekumbuka lile koti la harusini. Siwezi kuiacha ngitili mfukoni mwake. Kwa hiyo nitamwomba Matroni simu ya ofisi leo hii, nimpigie Bwana Octavian mwenyewe, niseme kwa mdomo. Namba yake iko nyuma ya daftari langu la udongo. Matroni atataka kujua ni jambo gani la haraka hivyo. Mimi sijawahi kubisha mlango wake hata nilipokuwa na homa, unanijua. Nimeshakwenda mara mbili tangu tutoke misani, nikafika kwenye ndoo za kunawia, nikarudi kuongeza mstari katika barua hii.

Sasa nasikia hatua barazani. Ni yeye, namjua kwa funguo zake. Kila barua niliyokuandikia imepita chini ya godoro, nyingine ina kunyanzi, utakuwa umeona. Hii nimeiacha mezani, maandishi juu, na ushanga wa Bibi nimeuweka pale linapoanza jina langu.

Amesimama mlangoni. Anauliza ninaandika nini.

Bernadeta Luhende